Bibi alisema taa ya Chumbe ikizimwa na jua. Kuna anayejua habari za mnara ule?

mjukuu_wa_mlinzi

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za jioni kwa wote. Nina jambo limenikaa rohoni miaka mingi na leo nimeamua kuliuliza hapa kwa sababu naona humu kuna mabaharia, kuna watu wa Mji Mkongwe, kuna mafundi, labda mtanisaidia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mlinzi wa taa kule kisiwa cha Chumbe, kabla ya Mapinduzi na muda kidogo baada yake. Alifariki mie sijazaliwa. Yote ninayoyajua nimeyapata kwa bibi, na bibi nae ameshatangulia, Mungu amrehemu. Umeme ukikatika usiku tulikuwa tunalala barazani, anatupepea kwa kipepeo huku anatusimulia, na hadithi yake moja alikuwa hachoki kuirudia. Akisema babu yenu ile taa yake hakuwa akiiwasha wala kuizima kwa mkono, ilikuwa ikizimwa na jua na ikiwashwa na kiza. Jua likichomoza tu taa inalala yenyewe, likizama inaamka. Sisi watoto tulikuwa tunaona ni kama hadithi za majini, tukikua tukasema bibi kachanganya mambo, maana jua litazima vipi taa, na miaka hiyo huko kisiwani hakuna umeme hakuna chochote.

Jengine ni kuhusu shati. Bibi alikuwa akisema babu akirudi mjini baada ya zamu yake shati lake linanuka thomu, yaani kitunguu saumu. Si kidogo, linanuka khasa, na samaki hawakupikwa na thomu siku hizo kule kisiwani, walikula wa kuchoma na chumvi na ndimu. Mpaka mwanzo wa ndoa yao walishawahi kununiana siku tatu kwa ajili ya harufu hiyo, kwa sababu bibi alidhani kuna mtu anampikia.

Sasa mama yangu ana miaka 70. Alipelekwa Chumbe na babu mara moja tu akiwa mdogo, anakumbuka ngazi za kuzunguka zunguka na kioo kikubwa juu, na anakumbuka alikatazwa kukigusa kioo. Mwaka huu ameniambia anataka arudi apande tena kabla hajafa. Ndo maneno yake hayo, na mtu akikwambia hivyo huwezi kulala.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya, taa ile ilikuwa inafanya kazi vipi hasa, kwa nini iliwekwa Chumbe na si pahala pengine, na je mtu mzima mwenye magoti mabovu anaweza kufika pale? Mwenye chochote anipe, hata kidogo.

---

fundi_mitungi

Waalaykum salaam kaka. Mimi niko Dar, ni fundi wa kuchomelea, na nilivyosoma habari ya shati nimeweka simu chini nikacheka kwa furaha kwa sababu bibi yako hakuchanganya kitu hata kimoja. Wala lile la jua si hadithi.

Hiyo harufu ya kitunguu saumu ni gesi ya asetilini. Mtu yeyote aliyefanya kazi gereji anaijua, ukifungua mtungi na valvu ikivuja kidogo unasikia kitunguu saumu hapo hapo, na ikikukaa kwenye nguo mke wako atakuuliza tu, mimi mwenyewe niliulizwa. Gesi safi kabisa haina harufu kali, ila ile inayotengenezwa kwa kabaidi na maji inakuwa na uchafu ndani yake na ndio unaonuka hivyo. Na ndugu zangu wa pwani, neno karabai tunaloitia taa ya wavuvi linatoka huko huko kwenye kabaidi, taa za zamani zilikuwa unaweka mawe ya kabaidi, unadondoshea maji, inatoka gesi unaiwasha.

Mnara wa Chumbe ulijengwa na Waingereza 1904, halafu miaka ya 1920 ukawekewa taa ya gesi ya AGA, kampuni ya Sweden. Mkubwa wa kampuni hiyo alikuwa anaitwa Gustaf Dalén, na yeye ndie aliyebuni kitu kinachoitwa valvu ya jua. Nitaeleza polepole maana nikiwaeleza vijana wangu gereji huwa hawaamini.

Chukua fimbo ya chuma ipake rangi nyeusi tii. Izungushie fimbo nyingine tatu zimeng'arishwa mpaka zinang'aa kama kioo. Zote ziweke ndani ya chupa nene ya kioo, nje, juani. Asubuhi mwanga ukija ile nyeusi inaumeza mwanga inapata joto na inarefuka, zile za kung'aa zinaurudisha mwanga hazirefuki kama ile. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, unywele tu, lakini inatosha kusukuma kijiti kinachofunga njia ya gesi. Gesi ikifungwa moto mkubwa unazima. Jioni mwanga ukipungua ile nyeusi inapoa inajikunja kurudi ilipokuwa, njia inafunguka, na kuna kimoto kidogo sana hakizimwi usiku wala mchana, ndicho kinachoikamata gesi ikija. Taa inawaka. Hakuna umeme, hakuna saa ya kutega, hakuna mtu. Na kwa kuwa inakwenda na mwanga, hata mchana wingu likiwa zito likatanda kiza taa inawaka yenyewe, kitu ambacho mtu aliyelala asingekikumbuka.

Kwa hiyo bibi aliposema inazimwa na jua na kuwashwa na kiza alikuwa anasema ukweli wa kifundi kabisa, na amesema kwa maneno machache kuliko mimi.

Huyo Dalén alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia 1912 kwa kazi hii ya taa za baharini. Na mwaka huo huo, katika majaribio ya mitungi ya asetilini, ililipuka akapofuka macho yote mawili. Tuzo alikwenda kuipokea kaka yake. Aliendelea kuiongoza kampuni kipofu mpaka anafariki 1937. Mtu aliyewapa mabaharia mwanga dunia nzima, yeye mwenyewe haoni. Hilo jambo huwa nalifikiria sana nikivaa miwani yangu ya kuchomelea.

---

mwana_wa_nahodha

Shikamoo wakubwa na marahaba kwa wadogo. Mie ni wa Unguja, baba alikuwa nahodha wa jahazi na nimepanda chombo chake tangu niko skuli. Hilo la kwa nini Chumbe naweza kulijibu bila ya kufungua ramani.

Ukitoka Dar unakuja Unguja, unakuja kutokea kusini, na mlango wa kuingilia bandarini kwa upande huo Chumbe ndo imekaa kama bawabu. Kisiwa chenyewe ni kidogo, urefu wake ni kama kilomita moja tu na ni chembamba, kimefunikwa na msitu wa juu ya mawe, usiku hukioni kabisa mpaka uko juu yake. Na upande wake wa magharibi, ule unaotazama njia ya meli, ndiko kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yakijaa mwamba huuoni. Yakipwa, khasa siku za bamvua maji yanapojaa na kupwa sana, unatoka. Chombo kikijipeleka pale usiku na upepo wa kusi umeshika kwisha kazi.

Sasa namna baba alivyokuwa akiitumia taa. Kwanza huioni taa, unaona weupe tu mbele chini ya mbingu, kama alfajiri ndogo inakuja na kuondoka. Baba akiuona weupe ule alikuwa anatoa tasbihi. Akihesabu punje baina ya mwako na mwako. Kila mnara una mwendo wake wa kupepesa, hakuna miwili jirani iliyofanana, ndo maana nahodha akihesabu anajua huyu ni nani anaemwita. Akishahesabu mara tatu mfululizo ikawa sawasawa anasema haya ndo yeye, mwekeni mkono wa kulia na msimkaribie. Hapo watu wa foromali, ule mti wa tanga, wanakaa tayari, sarahangi, mkuu wa mabaharia, anakwenda omo, mbele ya chombo, kutazama maji. Mie kazi yangu ilikuwa kushika tochi, nisiiwashe mpaka niambiwe kwa sababu tochi inamtia mtu upofu.

Ndugu mjukuu, wakati ule baba anahesabu punje zake babu yako ameshaondoka kitambo. Lakini kabla ya baba kulikuwa na baba yake, nae alikuwa baharia, na kama hesabu zangu za miaka ni sawa basi babu yangu aliingia bandarini kwa taa ya babu yako. Sikupata kulifikiria hilo mpaka leo.

Kuna jambo zito vilevile siwezi kuitaja bahari ya Chumbe nisilitaje. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa hicho, ilikuwa inatoka Dar, mchana kweupe, upepo wa kusi. Tulizika watu wengi. Mwaka mmoja kabla yake, 10 Septemba 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Kila nikipita pale na boti nasoma Fatiha. Taa inakuonesha pahala tu, bahari yenyewe haiwezi kuituliza.

---

wa_ng_ambo

Mimi nataka niongeze kitu na nitawapinga kidogo. Kila tukizungumza minara ya taa Zanzibar tunaanza na Mngereza 1904, kama vile kabla yake pwani yote ilikuwa gizani na watu wanapapasa. Vyombo vilikuwa vinakuja na upepo wa kaskazi kutoka Bara Arabu na Bara Hindi na kurudi na kusi miaka na miaka, mtepe ulikuwa unasafiri umeshonwa kwa kamba za nazi hauna msumari hata mmoja, tanga lake mkeka, na manahodha wakisoma nyota na rangi ya maji na ndege. Taa ni nyongeza juu ya elimu ambayo ilikuwepo.

Na hata taa yenyewe, wa kwanza kusimamisha mnara mkubwa wa taa hapa mjini hakuwa Mngereza, ni Sultani wetu Sayyid Barghash. Mbele ya jumba la Beit al-Ajaib, pale ufukweni, palikuwa na mnara mrefu umezungushiwa taa safu juu ya safu, meli zikiuona kutoka mbali. Wanamaji wa Kiingereza waliupa jina la mti wa Krismasi wa Sultani, kwa hizo taa zake. Ukitazama picha za zamani za Forodhani, zile za kabla ya 1896, utauona umesimama peke yake baina ya jumba na bahari.

Ikaja tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid amekaa kwenye kiti cha usultani, manowari za Kiingereza zikapiga mizinga isiyofika hata saa moja, na mnara ule ulikuwa mmoja wa vilivyopigwa. Ukaharibika ukabomolewa. Wakati wa kutengeneza tena ndipo Beit al-Ajaib ikawekewa ule mnara wa saa mbele yake, ambao wengi wetu tulikua nao tukidhani umezaliwa na jumba. Na huo nao tumeuona ukianguka na sehemu ya jengo Disemba 2020. Mimi nilikuwa sipo mbali siku hiyo. Vumbi lilikuja mpaka Forodhani, watu wakawa wanakimbia na wengine wanakimbilia huko huko kutazama kama kuna aliyefunikwa.

Kwa hiyo ndugu mjukuu ukimpeleka mama Chumbe mpeleke, na nakuombea heri, lakini siku moja msimamishe pia pale Forodhani umwambie hapa ndipo taa ya kwanza ilipokuwa.

---

mwana_wa_nahodha

Mwana wa Ng'ambo nakubaliana nawe kabisa na wala sioni kama ni kupingana. Baba alizijua nyota, alikuwa akiita kilimia na nyengine kwa majina, na bado akitoa tasbihi kwa ajili ya Chumbe. Nyota zinakwambia unaelekea wapi, hazikwambii mwamba uko wapi usiku wa mawingu. Mlinzi wa taa aliyekuwa anapanda zile ngazi hakuwa Mngereza. Alikuwa babu ya huyu ndugu, na watu kama yeye. Mnara uliojengwa na mkoloni umetunzwa na mikono yetu kwa muda mrefu kuliko wa mkoloni mwenyewe.

---

binti_maskati

Salaam kutoka Maskati. Sisi wazee wetu walitoka Unguja, nyumbani bado tunazungumza Kiswahili ingawa watoto wanajibu kwa Kiarabu. Nimesoma uzi huu kwa sauti mbele ya mama mkwe wangu, ametaka nirudie pale penye tasbihi.

Kwa upande wa huku, mwenye kupata nafasi afike Sur. Ndiko majahazi mengi ya kwenda Zanzibar yalikojengwa, na mpaka leo kuna karakana wanajenga kwa mkono, ukipita unasikia shoka na unanusa mafuta ya mbao. Ng'ambo ya mlango wa maji kuna mji mdogo wa Ayjah una mnara wa taa mweupe, na vyombo vikirudi kutoka Afrika ndo vilikuwa vinauona huo. Sur pia wameihifadhi ghanja moja kubwa, ni aina ya jahazi, jina lake Fatah al-Khair, ilijengwa huko huko 1951, ikauzwa nje, na watu wa mji wakachanga pesa wakairudisha miaka ya 1990. Sasa imewekwa nchi kavu watu wanaitazama. Mimi huwaza jahazi lilitoka mbele ya taa ya Ayjah, likakaa baharini majuma kadhaa kwa upepo wa kaskazi, na taa nyengine ya kumkaribisha ikawa ya Unguja. Mtu alikuwa anajua yuko nyumbani kwa taa, pande zote mbili.

---

ticha_wa_skuli

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, nimeshapeleka wanafunzi Chumbe mara tatu kwa ziara za masomo kwa hiyo nitajibu yale ya magoti, maana wengi hapa wameeleza vizuri lakini mama bado hajafika kisiwani.

Kwanza ujue kisiwa siku hizi ni hifadhi. Mwamba ule wa magharibi umetangazwa rasmi hifadhi ya bahari 1994 na unaendeshwa kibinafsi kwa makubaliano na serikali, wenyewe ndo wa kwanza duniani kwa mtindo huo. Hakuna kuvua. Walinzi wake wengi wa mwanzo walikuwa wavuvi, wakafundishwa wakawa wanalinda kile walichokuwa wanakivua, na wanaeleza watoto mambo ya matumbawe kuliko mimi ninavyoweza darasani. Samaki peke yake ni zaidi ya aina 400. Msituni kuna paa nunga na kuna yule kaa mkubwa anaepanda miti na kupasua nazi, wanafunzi wangu wakimuona usiku usingizi wote unaisha.

Boti inatoka upande wa Mbweni. Lazima uandikishe mapema kwa sababu hawachukui watu wengi kwa siku, hilo usilichukulie wepesi ukaja na mama ufukweni ukaambiwa pamejaa. Waambie kabisa kwamba unakuja na mtu mzima na kwamba baba yake alikuwa mlinzi wa taa. Nina hakika watafurahi na watakuwa na maswali mengi kwake kuliko yeye kwao.

Kushuka ndo penye kazi. Hakuna gati, boti inasogea karibu unashuka majini, pengine kwenye kifundo cha mguu pengine magotini, inategemea maji. Kwa hiyo chagua siku za maji mafu, siku ambazo maji hayajai sana wala hayapwi sana, usimpeleke bamvua. Na usimpeleke kipindi cha kusi kali, Juni na Julai boti inarukaruka na mtu wa umri huo mgongo utamuuma. Mimi ningechagua wakati wa kaskazi imetulia, au tanga mbili, pale pepo zinapobadilishana. Avae viatu vya plastiki vya kufunga, mawe ya Chumbe ni makali kama wembe, ni matumbawe ya zamani yale.

Nyumba ya mlinzi wa taa bado ipo. Ilikuwa gofu, ikatengenezwa, na sasa ndo pahala pa kupokelea wageni, unakaa chini ya paa kubwa la makuti unakunywa chai na bahari iko mbele. Kwa hiyo mama atakaribishwa chai kwenye nyumba ya baba yake. Jirani yake kuna msikiti mdogo mkongwe uliojengwa kwa ajili ya walinzi wa taa na watu wao, una namna ya ujenzi wa Kihindi, haufanani na misikiti yetu ya vijijini. Mara ya mwisho niliswali adhuhuri pale na wanafunzi wangu, na kimya chake ni cha aina yake, unasikia majani na bahari basi.

Ngazi za mnara ni nyingi na zinazunguka, zinabana kadri unavyopanda. Zaidi ya mia. Asipande kwa haraka, kuna pahala pa kupumua pale madirishani, apumzike kila dirisha. Mbele yake awe mtu na nyuma yake awe mtu. Na akisema imetosha nusu ya njia, basi imetosha, kutokea dirisha la kati anaiona bahari vilevile.

---

mjukuu_wa_mlinzi

Ticha Mungu akuzidishie, umeniandikia kama vile mama yako mwenyewe. Fundi na wewe sina cha kukulipa. Nimewasomea hapa nyumbani wote. Mama alipofika kwenye harufu ya thomu aliweka kikombe chini, akawa kimya, halafu akasema mama yangu alikufa akiamini alimdhulumu baba siku tatu zile, na kumbe hata baba mwenyewe hakujua amueleze vipi.

Lakini swali langu moja fundi. Kama taa inajiwasha na kujizima, babu alikuwa anafanya nini kule kisiwani siku zote hizo?

---

fundi_mitungi

Swali zuri sana, na usidhani kazi ilikuwa haipo. Mitungi haipandi yenyewe. Gesi ile haijazwi tu kwenye mtungi mtupu, asetilini ukiibana hivi hivi inalipuka, kwa hiyo mtungi wa ndani umejaa kitu kama sifongo ngumu iliyolowekwa asetoni na gesi inayeyukia humo. Ni mizito mno. Iletwe kwa chombo, ishushwe majini kama alivyosema ticha, ibebwe mpaka mnarani, iunganishwe, ikaguliwe kila kiungo kwa povu la sabuni kama inavuja. Hapo ndipo shati linapokamata harufu.

Halafu kioo. Kile kioo kikubwa mama anachokikumbuka kwa kawaida kwenye minara ya namna hii ni lenzi iliyokatwa vipande vipande kama ngazi, ubunifu wa Mfaransa Augustin Fresnel, unakusanya mwanga wa moto mdogo tu, usiozidi kidole, unaurusha maili nyingi. Lakini chumvi ya bahari inakikalia kila siku, na alama moja ya kidole yenye mafuta inapunguza mwanga. Kwa hiyo kinafutwa, kila siku, kwa kitambaa laini kisicho na uzi wa kukwaruza. Na ile chupa ya valvu ya jua nayo ifutwe, maana ikishika vumbi au kinyesi cha ndege fimbo nyeusi haipati mwanga sawasawa na taa inakosa saa zake. Na usiku mtu lazima awepo, kwa sababu mashine ikikosea usiku mmoja tu yule baharia mwenye tasbihi anahesabu mwako ambao haupo.

---

mwana_wa_nahodha

Hapo umesema. Baba alikuwa akisema anaogopa taa iliyozimika kuliko pahala pasipokuwa na taa kabisa. Pasipokuwa na taa unakuwa mwangalifu tangu mwanzo. Penye taa unaitegemea.

---

mjukuu_wa_mlinzi

Ndugu zangu narudi mara ya mwisho kwa leo. Nilimsomea mama yale ya kitambaa na hakusema kitu, akainuka akaingia chumbani kwake. Nikasikia anafungua lile sanduku lake la zamani la mninga, lile ambalo bawaba zake zinalia. Akarudi na kipande cha ngozi laini, rangi ya mchanga, kimekunjwa mara nne, ukubwa wake kama kiganja mara mbili. Kona moja imechakaa mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi. Anasema alikitoa kwenye vitu vya babu wakati wa msiba, hakujua ni cha nini, alikichukua kwa sababu babu alikuwa hataki mtu akiguse, na tangu wakati huo kimekaa sandukuni pamoja na cheti chake cha ndoa. Nimekinusa. Hakinuki thomu, kinanuka karafuu za sanduku tu.

Nimeshapiga simu, tumeandikishwa siku ya maji mafu mwezi wa pili, watu wanne, mie, mama, dada yangu na mwanawe wa miaka tisa. Mama kauliza kama ataruhusiwa kukifuta kile kioo, hata kidogo tu pembeni, nami nimemwambia nitawauliza wenyewe. Ticha, kama unamjua yeyote kule wa kumuuliza kabla hatujafika naomba unitumie ujumbe.